Kabla hujashika bisibisi: kuongeza hifadhi na vifaa kwenye Steam Deck

Mtu akija kwangu kubadilisha diski ya Steam Deck, ile kompyuta ya gemu ya kushika mkononi ya kampuni ya Valve, kitu cha kwanza kunionyesha ni diski mpya. Imo kwenye kiboksi chake, ndogo kama stempu, na bisibisi ameshaazima kwa fundi simu wa mtaani kwao. Mimi namwuliza: nywila ya akaunti unaikumbuka? Flashi ya kurudishia mfumo unayo? Kadi ya microSD umeshaitoa? Mara nyingi hapo ndipo maongezi yanapokatika. Kazi ya kubadilisha diski haizidi saa moja kwa mkono uliotulia. Hasara nyingi nilizoziona zilitokana na mambo ambayo yangemalizwa jana yake, mezani, mashine ikiwa bado imefungwa.

Tuanze na kujua ulichonacho. Valve walianza kuuza Steam Deck Februari 2022 kwa matoleo matatu: ya GB 64, GB 256 na GB 512. Ile ya GB 64 hifadhi yake ni ya aina ya eMMC, ambayo ni ya polepole. Hizo mbili nyingine zina SSD ya NVMe, aina ya diski yenye kasi zaidi. Yale ya kwanza yana skrini ya LCD. Novemba 2023 wakaleta toleo la skrini ya OLED, lenye GB 512 au TB 1, betri ikapanda kutoka wati-saa (Wh) 40 hadi Wh 50. Huku kwetu Valve hawauzi rasmi. Zilizopo Dar au Nairobi zimekuja kwenye begi la ndugu kutoka Ulaya, Marekani au Dubai, au zimeletwa na mfanyabiashara aliyeziagiza. Maana yake ukivunja kitu ndani, hakuna dirisha hapa mjini la kwenda kuirudisha. Vipuri vipo, maana iFixit, kampuni ya vipuri na miongozo ya ufundi, wanauza vipuri halisi kwa makubaliano na Valve, ila vitakuja kwa ndege na utavisubiri.

Swali la pili, na watu hawalipendi: unahitaji kweli kuifungua? Angalia unacheza nini. Stardew Valley inataka MB 500 tu. Red Dead Redemption 2 inataka GB 150. Mtu mwenye mashine ya GB 512 anayecheza gemu ndogo ndogo na moja kubwa kwa wakati mmoja, kadi ya microSD inamtosha kabisa, na mimi humshauri aishie hapo. Mwenye GB 64 ana hoja, kwa sababu sehemu ya nafasi hiyo inachukuliwa na mfumo wenyewe, na hata ukiweka gemu kwenye kadi, kuna mafaili ya pembeni, kama yale ya michoro yanayoandaliwa mapema ili gemu isikwamekwame, ambayo huendelea kurundikana kwenye diski ya ndani. Huyo ataweka kadi ya GB 512 na bado ataletewa ujumbe kwamba nafasi imejaa.

Kadi yenyewe ina mambo yake. Tundu la Deck ni la kiwango cha mwendo kinachoitwa UHS-I, kwa hiyo mwendo wake unaishia kama MB 100 kwa sekunde. Usilipie kadi ya bei ya juu ya wapiga picha inayotangazwa kwa mwendo wa mara mbili au tatu ya huo, Deck haitaufikia. Tafuta iliyoandikwa U3 na A2, alama za mwendo zilizochapwa kwenye kadi. Kisha ifomati ndani ya Deck yenyewe, kwenye mipangilio ya mfumo, kwa sababu SteamOS, mfumo endeshi wa Deck, inatumia mpangilio wa faili wa Linux uitwao ext4; ukishaifomati hivyo, laptopu yako ya Windows haitaisoma, na hiyo haimaanishi imekufa. Nimeshamwona mtu akiichomeka kwenye Windows, ikamwambia kadi inahitaji kufomatiwa, akabonyeza ndiyo. Gemu zote zikaondoka.

Na kadi feki ndizo zimejaa. Niliwahi kununua kadi iliyoandikwa TB 1 kwa bei iliyonifurahisha. Ilionekana TB 1 kwenye Deck, ilionekana TB 1 kwenye laptopu. Nikaweka gemu tatu, mbili zikacheza, ya tatu ikawa inagoma katikati ya kupakia. Nikaifuta, nikaishusha tena, usiku mzima wa bando, ikagoma palepale. Ndipo nikaipima kwa f3, programu ya bure ya Linux inayojaza kadi nzima kwa data kisha inaisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Iliyorudi ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile TB 1. Kilichobaki kilikuwa uongo ulioandikwa kwenye chipu. Kwa Windows iko H2testw, inafanya kazi hiyohiyo. Siku hizi sinunui kadi bila kuipima siku hiyohiyo, wakati muuzaji bado ananikumbuka sura. Upimaji unachukua saa kadhaa kwa kadi kubwa, kwa hiyo uache ukiendelea usiku.

Ukishaamua kwamba diski ya ndani lazima ibadilishwe, kipimo ndicho cha kwanza. Steam Deck inatumia diski ya umbo la M.2, saizi ya 2230. Namba hiyo ni vipimo vyenyewe: upana milimita 22, urefu milimita 30. Diski za kawaida za laptopu na kompyuta za mezani ni 2280, na hazitaingia kwa namna yoyote. Kuna watu walichonga na kukunja wakapachika 2242, na mwaka 2022 Lawrence Yang, mbunifu wa Valve, alijitokeza hadharani kuwaomba watu wasifanye hivyo: chipu ya kuchaji iliyo jirani inapata moto sana, na vile vipande laini vya kupitisha joto havitakiwi kusogezwa. Mashine inaweza kuonekana nzima, kumbe inajichoma taratibu. Kama kifaa chako ni cha kampuni nyingine, usifuate kipimo hiki kwa mazoea. ROG Ally ya Asus ya 2023 inatumia 2230, lakini Ally X iliyofuata inachukua 2280, na Legion Go ya Lenovo ilikuja na 2242. Soma kwenye diski iliyomo kabla ya kuagiza nyingine.

Hakikisha pia ni NVMe. Diski ya kizazi cha nne cha PCIe, njia ambayo diski huzungumzia na mashine, itafanya kazi, ila Deck itaiendesha kwa mwendo wa kizazi cha tatu, kwa hiyo usiongeze hela kwa ajili ya mwendo. Kama utaongeza, ongeza kwa ajili ya diski inayokula umeme kidogo. Hii ni mashine ya betri, na kila wati inayoliwa na diski inageuka joto ndani ya kijumba chembamba.

Sasa mafaili. Hapa ndipo ningependa utumie muda kuliko pengine popote.

Diski mpya itakuja tupu. Gemu zako zote, mipangilio na hatua ulizofikia vitabaki kwenye ile ya zamani. Gemu unaweza kuzishusha tena, lakini hesabu bando: gemu mbili tatu kubwa ni mamia ya GB. Njia ninayoitumia ni kuzihamishia kwenye kadi kabla ya kufungua. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, chagua gemu, zihamishe kwenye microSD. Ukishamaliza kila kitu na kurudisha kadi, zitajitokeza zenyewe kwenye orodha, na utakuwa umeokoa pesa ya wiki nzima. Kama una kompyuta nyingine nyumbani yenye gemu hizohizo, Steam tangu 2023 ina uwezo wa kunakili gemu kutoka mashine moja hadi nyingine kwa Wi-Fi ya ndani, bila kugusa bando kwa gemu yenyewe. Zote mbili ziwe zimewashwa, zimeingia kwenye akaunti, na ziko kwenye ruta moja.

Hatua ulizofikia ni jambo zito zaidi, kwa sababu hizo hazishushwi popote. Gemu nyingi huzihifadhi kwenye wingu la Steam, yaani kwenye seva za duka la gemu la Valve, lakini si zote. Pitia moja moja, uangalie alama ya wingu kwenye ukurasa wa kila gemu, na uhakikishe imemaliza kusawazisha. Zisizo na wingu, ingia Desktop Mode, yaani mwonekano wa kompyuta ya kawaida, fungua programu ya mafaili, bonyeza Ctrl na H ili mafaili yaliyofichwa yaonekane, kisha fuata njia hii: .local, share, Steam, steamapps, compatdata. Nakili folda nzima ya compatdata kwenye diski ya nje au flashi kubwa. Kila gemu ya Windows ina kijifolda chake mle chenye namba, na ndani yake ndimo zinamokaa hatua zake. Gemu ulizoingiza nje ya Steam zitafute kwa mkono wako mwenyewe, maana hakuna atakayekukumbusha. Mtu aliyecheza saa 80 akapoteza faili lake, hata umpe diski ya TB 2 hutamfariji.

Andika nywila ya akaunti yako mahali. Jaribu kuingia nayo kwenye kifaa kingine leo, usingoje kesho. Mfumo mpya utakudai nywila na uthibitisho wa Steam Guard, ulinzi wa akaunti, na kama uthibitisho huo unakuja kwenye namba ya simu au barua pepe uliyoacha kuitumia miaka mitatu iliyopita, utakwama mbele ya mashine nzima isiyo na kosa lolote.

Kisha flashi ya kurudishia mfumo. Valve wanatoa faili la SteamOS la kupakua bure. Unaliandika kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu ya Rufus ukiwa kwenye Windows, au balenaEtcher kwenye Mac na Linux. Iandae na uijaribu kabla ya kufungua chochote: zima Deck, chomeka flashi, shikilia kitufe cha kupunguza sauti, bonyeza cha kuwashia, ukisikia mlio achia cha kupunguza sauti, chagua flashi kwenye orodha. Ikikupeleka mpaka kwenye ukurasa wa desktop wenye zana za kurejesha, zima, iweke pembeni. Usibonyeze Reimage siku ya majaribio, hiyo itafuta kila kitu.

Kuna mtego hapa ambao umewanasa wengi, nami nikiwamo. Deck ina tundu moja tu la USB-C. Kwa usalama, inashauriwa kuifungua betri ikiwa chini ya asilimia 25, maana betri ya lithiamu iliyojaa ikitobolewa kwa bahati mbaya ni hatari kubwa zaidi. Sasa umemaliza kufunga, betri ina asilimia 20, unataka kuingiza mfumo mpya kwa flashi, na flashi imeziba tundu lilelile la kuchajia. Zaidi ya hapo, flashi nyingi ni za USB ya kawaida, haziingii kwenye USB-C bila adapta. Kwa hiyo kabla ya siku ya kazi uwe na habu ya USB-C yenye matundu ya USB na tundu la kupitishia chaja. Usipoipata, andika mfumo kwenye kadi ya microSD ya pembeni, tundu la chini libaki huru kwa kazi hiyo na la juu lipokee chaja. Au subiri tu, ichaji mpaka ijae, ndipo uchomeke flashi. Na kwa mitaa yetu ambayo umeme una tabia zake, usianze kazi hii jioni ya siku uliyosikia kuna matengenezo ya laini.

Siku yenyewe ikifika, kitendo cha kwanza ni kutoa kadi ya microSD. Tafadhali. Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili moja mchana: "Mjomba, kuna kitu kimelia kach." Alikuwa ameshatoa skrubu zote nane, akaingiza kipande cha plastiki pembeni mwa kava, akavuta. Kava la nyuma limeundwa kulikumbatia tundu la kadi, na kadi ikiwa ndani inakwama kati ya kava na bodi. Nilipofika nilikuta kadi imekatika nusu kwa nusu, mstari umenyooka kama uliokatwa kwa mkasi, vijistari vya dhahabu upande mmoja na jina la kampuni upande wa pili. Alikuwa amefanya kila kitu nilichomwelekeza kuhusu gemu zake: alizihamishia zote kwenye kadi ile.

Betri ikishuka chini ya 25, iweke mashine kwenye usingizi wa betri. Shikilia kitufe cha kuongeza sauti na cha kuwashia, ingia Setup Utility, kisha Power, chagua Battery Storage Mode. Itazima, na haitawaka tena mpaka uichomeke kwenye chaja. Hiyo inakulinda usije ukaibonyeza kitufe kwa bahati mbaya ukiwa umeishika tumbo wazi.

Meza iwe na kitambaa safi, taa ya kutosha, na karatasi. Chora mgongo wa Deck kwenye karatasi na uweke kila skrubu juu ya mahali ilipotoka, kwa sababu kwenye toleo la LCD nne ni ndefu na nne ni fupi, na skrubu ndefu ikilazimishwa kwenye tundu fupi inaharibu. LCD inataka bisibisi ya nyota ya kawaida inayokaa sawasawa. OLED inataka Torx T6, bisibisi ya nyota yenye ncha sita, nayo haipo kwenye kila seti, kwa hiyo itafute mapema. Ndani utakuta bamba la chuma. Skrubu yake moja imefunikwa na karatasi ya fedha, na wengi huvunja bamba wakilivuta bila kujua ipo. Ukishalitoa, chomoa kiunganishi cha betri kabla ya kugusa diski. Diski yenyewe imeshikwa na skrubu moja tu. Ukiitoa, diski inainuka kidogo kwa upande, unaivuta taratibu. Imevishwa kisoksi cha fedha cha kuizuia isiingiliwe na mawimbi ya umeme. Kivue, ukivike kwenye diski mpya. Hicho kisoksi kinasahaulika mno.

Wakati wa kufunga LCD, skrubu zinaingia kwenye plastiki. Iweke skrubu, izungushe kinyume mpaka uhisi imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze, na ukome ikishakaa. Anayekaza kama anafunga nati ya gari atalala na tundu lililolegea.

Vifaa vingine ni vyepesi kuvieleza. Chaja inayokuja na Deck ni ya wati 45. Chaja ya simu ya wati 18 itakuletea onyo la kuchaji polepole, na ukicheza gemu nzito betri itaendelea kushuka huku imechomekwa. Chaja ya wati 65 yenye USB PD, mfumo wa kuchaji ambapo kifaa na chaja hukubaliana umeme, haina madhara, Deck itachukua kiasi inachokihitaji. Na ukiwa unapitisha umeme kwenye habu ningeichagua hiyo, kwa kuwa habu nayo inajikatia fungu lake. Kama Deck yako imetoka Marekani au Ulaya, plagi haitaingia kwenye soketi zetu za pini tatu. Nunua chaja nzuri ya pini tatu, achana na zile adapta za buku zinazocheza ukutani.

Pawabanki isomwe kwa wati-saa. Iliyoandikwa mAh 20,000 ni kama Wh 74, ukiondoa inayopotea njiani utaijaza Deck ya LCD mara moja na kitu. Iwe inatoa wati 45 kwenye USB-C. Kwa ndege, Wh 100 ndicho kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa, na inakaa kwenye begi la mkononi.

Joto nalisema kwa msisitizo kwa sababu tunaishi pwani. Valve walieleza wakati wa joto kali la Julai 2022 kwamba Deck inafanya kazi vizuri pakiwa na nyuzi 0 hadi 35. Februari ya Dar ndani ya chumba cha bati inakaribia hapo bila shida. Kava la mpira unalonunua liwe limeacha wazi tundu la kuvutia hewa mgongoni na la kutolea juu, na ukiweka kwenye doki au habu, usiilaze kitandani. Kilinzi cha skrini bandika siku isiyo na vumbi, basi.

Diski ya zamani usiiuze wiki hiyohiyo. Iweke kwenye kifuko chake, uandike tarehe. Kama ni NVMe, baadaye itaingia kwenye kasha la USB ukaitumia kubebea mafaili. Ile ya eMMC ya GB 64 haitasomwa na makasha hayo, lakini ina kazi moja kubwa: diski mpya ikianza kuleta visa ndani ya mwezi wa kwanza, unarudisha ya zamani, na mashine inawaka vilevile ulivyoiacha, gemu, mipangilio na hatua zako zote zikiwa mahali pake.